Waliopiga Magoti Kisikini

Mwenye kuwashwa ajikune sasa hivi amalize, maana habari hii ni ya kupe, na kupe akitajwa tu mwili husisimka.

Katika Ufalme wa Mbugakuu alitawala Mfalme Kifaru, mwenye ngozi nene kuliko aibu na macho yasiyofika mbali kuliko pua yake. Kwa kuwa haoni, alitawala kwa kuambiwa. Na kwa kuwa hasira zake zi karibu, aliambiwa mazuri matupu. Waziri wake wa Afya alikuwa Mbuni, ndege ambaye hajaruka hata kichuguu, akakabidhiwa kuwasimamia ndege wote wanaoruka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika ufalme ule, ukiuliza unaulizwa wewe ni nani.

Kupe walikuwako tangu enzi za mababu. Lakini zamani kila bonde lilikuwa na shashi wake, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwekundu anayetua mgongoni mwa mnyama na kudonoa kupe. Shashi wa bonde aliwajua wanyama wake kama mama mkwe anavyozijua kasoro za mkamwana. Alimjua pundamilia anayeficha kupe wa kwapani kwa kuona haya, na nyati anayelia kabla hajaguswa. Ukifika asubuhi hukuwa na haja ya kujieleza. "Leo ni lile sikio tena, ee?" anakuuliza, huyo amekwisha kutua.

Basi siku moja Mfalme akawashwa. Shashi wa kwanza akachukuliwa bondeni akafanywa Mshauri wa Bega la Kulia. Bega la kushoto likaona wivu, nalo likapata wake. Akateuliwa Mshauri wa Mbavu, akateuliwa Mshauri wa Mkia na Mambo ya Nyuma, mpaka mgongo wa Mfalme ukajaa ndege kama mti wa mkuyu wakati wa matunda. Waliobaki mabondeni wakabebeshwa kazi za walioondoka. Wakaona isiwe tabu, wakavuka mto kwenda nchi ya ng'ombe wanono. Nani awalaumu? Mwishowe mabonde yote ya chini yakabaki na Bi Shashi peke yake, akihudumia juu ya kisiki kimoja cha mgunga, na foleni ya wanyama ikianza umande haujakauka.

Kwenye foleni hiyo ndipo alipofia mke wa Ngiri.

Sikudhani, jina lake. Ngiri hakuwa msomi; hata nyumba aliyoishi ilikuwa shimo aliloachiwa na mhanga, yule mla mchwa. Lakini jambo moja alilijua bila kufundishwa: mkewe alifika kisikini akitembea, na aliondoka akiburutwa. Siku ile Bi Shashi aliitwa na Waziri kuhudhuria mafunzo ya namna ya kutua kwa tabasamu. Aliporudi, Sikudhani alikuwa amelala upande na nzi wamemuwahi. Mbuni alileta salamu za rambirambi kwa "familia ya marehemu Nguruwe."

"Nguruwe!" Ngiri hakuacha kusema. "Amemuua, halafu hata hajui amemuua nani."

Na sasa Mashavu, binti yao wa pekee, alianza kuinamisha kichwa upande mmoja na kutembea akizunguka, vilevile kama mama yake alivyoanza. Ngiri akampeleka kisikini.

Bi Shashi alichungulia sikio.

"Baba Mashavu, wamejaa mpaka ndani. Hii ni kazi ya asubuhi nzima. Nikiwadonoa wa juu tu, wa chini watazidi kushuka."

"Basi donoa asubuhi nzima, dada yangu."

"Na hawa wote?" Aliielekezea bawa foleni iliyopinda mpaka nyuma ya kichuguu. "Tena mimi nahesabiwa kutua, sihesabiwi kupe. Nikikaa kwa mmoja, Waziri anasema nimelala kazini."

"Kwa hiyo ukitua, ukaruka, hukutoa hata kupe mmoja?"

"Nimefanya kazi nzuri mno."

Ngiri akatema mate. "Huyo Mbuni wenu nikimkamata!"

"Utamkamata wapi, na miguu ile? Kitu pekee alichojaliwa ni kukimbia." Kisha akashusha sauti. "Usinichukie, Baba Mashavu. Na mimi nimeteuliwa. Mshauri wa Kisigino. Kesho kutwa naapishwa."

"Na mwanangu je?"

Bi Shashi aliingiza mdomo sikioni, akatoa kupe mmoja aliyevimba kama zabibu, akaingia tena, mpaka Pundamilia akapiga kelele kutoka nyuma: "We Ngiri! Bintiyo peke yake ndiye aliyeumbwa na masikio?"

Asubuhi hiyohiyo alifika Korongo, Mtafiti Mkuu, ametumwa na Mbuni kuchunguza ubora wa huduma mabondeni. Kwa kuogopa kupe alisimama ng'ambo ya kidimbwi, mguu mmoja majini na mwingine ameukunja tumboni, akitazama kwa mbali. Ngiri naye, njaa imemkaba, akafanya wanavyofanya ngiri wote tangu waumbwe. Shingo yao fupi haifiki chini, hivyo alipiga magoti ya mbele, akaanza kula majani. Ngiri wenzake kwenye foleni wakamwiga. Korongo aliwatazama kwa macho yaliyojaa furaha ya elimu, akaondoka bila kumsalimu mtu.

Siku ya kiapo, Ngiri alimwacha Mashavu kwa shangazi yake, akapandisha mkia juu, akaenda barazani mwa Mfalme. Alikuwa na ombi moja tu: Bi Shashi arudi bondeni.

Mfalme alikuwa amekaa katika tope lake la enzi, na watu wote wamejipanga mbele yake. Nyuma hakuwako mtu. Ilikuwa Sheria ya Mgongo, iliyowekwa na babu yake aliyewahi kupigwa teke kutoka huko: hakuna kusimama nyuma ya Mfalme, hakuna kuutazama mgongo wa Mfalme.

"Mtukufu," alianza Korongo, akabadilisha mguu, "utafiti umekamilika. Kutua kumeongezeka. Na kuridhika kwa wagonjwa kumevuka matarajio. Kwa macho yangu nimewaona wananchi, baada ya kuhudumiwa, wakipiga magoti kwa shukrani."

"Magoti!" Mbuni akapepea mbawa zake zisizo na kazi. "Hata baba zetu hawakupigiwa magoti!"

"Nilikuwa nakula!" sauti ikatoka nyuma ya umati.

Baraza likageuka. Ngiri akajipenyeza mpaka mbele.

"Shikamoo, Mtukufu. Aliyepiga magoti ni mimi. Nilikuwa nakula majani. Ngiri anakula kwa magoti. Hata nyani anajua hilo, na nyani hajapewa cheo."

Vicheko vikasikika, vikakatwa haraka. Korongo alikohoa. "Mtoa taarifa huenda haelewi hisia zake mwenyewe. Hutokea sana."

"Hisia zangu? Mke wangu amefia kwenye foleni yako!"

"Pole," alisema Mbuni. "Lakini angalia upande wa pili, ndugu Nguruwe. Kama ulikuwa unakula, basi una hamu ya chakula. Na mwenye hamu ya chakula ana afya. Mtukufu, hata huyu anathibitisha mafanikio yetu."

Mfalme akageuza pembe kuelekea sauti. "Anataka nini huyu?"

"Bi Shashi, Mtukufu. Mwanangu anakufa kwa sikio. Wewe una shashi wa bega, wa mbavu, mpaka wa matako. Kisigino kitasubiri, mwanangu hasubiri."

Neno lile la matako lilipotajwa barazani, hata vyura walijitosa majini.

"Mtoeni!" alifoka Mbuni. "Asipite katikati ya waheshimiwa, mpitisheni jikoni!"

Fisi wawili wakamkwida. Walikuwa wageni kazini na walitii amri bila kuifikiri, nao mlango wa jikoni ulikuwa nyuma ya Mfalme. Hivyo ndivyo Ngiri alivyoburutwa mpaka mahali ambapo hakuna raia aliyewahi kufika. Akainua macho. Alichokiona kikamfanya akaze kwato.

Mgongo wa Mfalme haukuwa mgongo. Ulikuwa kidonda kimoja, kutoka bega mpaka mkia, chekundu, kinang'aa, na shashi wamekizunguka vidomo vimelowa.

"Mfalme!" alipiga ukelele. "Wanakula wewe! Wanakunywa damu yako!"

"Uongo!" alisema Mbuni, ambaye hakuwa ametazama.

"Jambo hilo linahitaji utafiti," alisema Korongo, ambaye hakukusudia kutazama.

Mfalme alijaribu kugeuza shingo. "Nasikia mwasho siku zote. Mliniambia ni mwasho wa utukufu." Akaguna kwa nguvu. "Mshauri wa Bega! Sema wewe!"

Shashi wa kwanza alipangusa mdomo begani. "Mtukufu, sisi tu wengi na wewe u mmoja. Kupe wako waliisha zamani. Mabondeni wamejaa, lakini kurudi tumekatazwa. Sasa ulitaka tule nini? Vyeo?"

Kifaru alinguruma, akajibwaga, akajiviringisha matopeni. Ndege wote waliruka kwa mpigo mmoja, baraza likawa giza la mbawa. Fisi wakatoka mbio. Mbuni alikwisha kufika mpakani. Katikati ya vurugu ile Bi Shashi, bado hajaapa, alitua juu ya kichwa cha Ngiri.

"Tembea, Baba Mashavu," alisema. "Bado tuna asubuhi."

Alidonoa sikio la Mashavu mpaka jua likawa utosini, na hakuna aliyemfokea kutoka kwenye foleni, hata Pundamilia. Mashavu alipona. Sikio lile halisikii tena. Ukitaka kumwita usimame kulia. Shashi wengine walirudi, kila mmoja bondeni kwake, wengine kwa aibu, wengine kwa njaa. Ngiri hakuwapokea kwa nderemo. Alimtazama kila aliyetua na kujiuliza alikuwa juu ya bega gani siku Sikudhani anafariki.

Mvua ilipopita, kidonda cha Mfalme kiliingia funza. Shashi hakuna aliyekubali kwenda tena Ikulu, wala hakuna aliyeweza kulazimishwa, maana wa kulazimisha walikuwa wametawanyika. Ikabidi Kifaru aje mwenyewe kisikini, akipapasa njia kwa pembe.

"Mwanzo wa foleni uko wapi?" aliuliza.

"Mwanzo uache ulipo," Ngiri akamjibu. "Wewe tafuta mwisho. Uko nyuma ya kichuguu."

"Mimi ni Mfalme."

"Najua. Mke wangu alisimama hapohapo ulipo, na yeye alikuwa mke wangu."

Kifaru akaelekea nyuma ya kichuguu. Akasimama, akasimama. Jua likapanda. Nguvu zilimwishia taratibu, magoti ya mbele yakakunjika, mwili ule mkubwa ukainama hadi kidevu kikagusa vumbi.

Ng'ambo ya kidimbwi Korongo, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfukuza kazi, alibadilisha mguu. Aliona vizuri kabisa. Mfalme mwenyewe, kwenye foleni, amepiga magoti. Akatikisa kichwa kwa furaha: kuridhika kumefika kileleni.

Ngiri alimtazama Korongo, akamtazama Mfalme. Halafu njaa ikamuuma. Naye akapiga magoti, akala.