Jina la Baba Mkwe Kwenye Kipaza Sauti

Nani alimtuma Ezéchias kumpa farasi jina la baba yake mzazi? Leya alijiuliza hivyo tangu asubuhi, huku akimsugua farasi huyo mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ezéchias, mumewe, alikuwa mtunza farasi hapo Louisville kabla ya kwenda kufanya kazi ghalani Columbus, na mwenye farasi alimwachia achague jina. Akachagua Nshizirungu. Hakufikiri kwamba mkewe ndiye atakayebaki na mnyama, na kwamba kwao Banyamulenge wa Kongo mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe. Miaka yote ya ndoa Leya hajalitamka. Farasi huyo Leya alimwita Mukubwa tu, na wenzake wa bandani walipomfokea mnyama kwa jina lake kamili, wakilikosea, eti amekanyaga ndoo, Leya alijikunyata kwa aibu.

Leo ilikuwa mbio ya kwanza ya farasi huyo, na mtangazaji wa uwanja alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kalamu. Ndiyo kawaida yao: jina likiwa gumu wanalifuata kwa wenye nalo, maana mbio haimngoji mtu ameze mate. Alijaribu mwenyewe, akalivunja. Akajaribu tena, akalivunja vibaya zaidi.

Mzee, baba mkwe mwenyewe, alikuwa Buffalo, simu mkononi, akingoja kusikia mbio ikitangazwa. Hospitalini jina limewashinda, wanamwita Mister N. Siku hii moja alitaka atajwe vizuri mbele ya watu. Likiharibika, Leya angemtazama kwa uso gani?

Akampigia Ezéchias, simu ikaita bure, kwa sababu ghalani wanaziacha kwenye kabati. Akazunguka banda, akarudi, akazunguka tena. Mtangazaji akaangalia saa. Mwishowe Leya akampigia mzee mwenyewe, akaweka simu kwenye spika, akamwomba amtajie mzungu yule jina lake.

Mzee akajaribu. Lakini tangu apooze upande mmoja ulimi wake ni mzito, na maneno yalitoka yamevurugika kabisa. Mtangazaji akatikisa kichwa kwa upole. Mzee akajaribu tena, akanyamaza katikati. Leya alimwonea uchungu mpaka akasahau kuogopa.

"Unisamehe, baba," alisema. Akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa kitambaa, akalitamka. Mtangazaji akaomba alirudie. Akalirudia polepole, kipande kwa kipande. Simu ikakatika.

Farasi alimaliza wa saba, kwa hiyo alitajwa mara mbili tu, ila mara zote jina lilitoka safi. Leya hakufurahi hata kidogo. Alikuwa anamrudisha bandani, akiiwaza ile simu iliyokatwa, ilipolia tena.

"Leya, nimesikia," mzee alisema kwa taabu.

"Baba, bon, nilikosa…"

"Ngoja. Donc, tangu ndugu yangu mukubwa Sylveri akufe, hakuna mutu ameniita jina. Wote ni Mzee, Mzee. Nilifikiri sitalisikia tena." Akapumzika kidogo. "Nilikata simu juu nilikuwa nalia. Rudilia, nisikie."

Leya akatazama huku na huku. Farasi alikuwa anakunywa maji. Akaliita jina, bila kitambaa, na kule Buffalo mzee akaitika.