Zamu ya Mama Pindo

Damu yake ilipanda ndege kabla yake. Mama Pindo, fundi cherehani asiyewahi kuvuka mpaka wowote, alilicheka jambo hilo tangu siku walipomlaza, wakawachuja askari wa damu yake, zile chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na kuwapeleka mbali wakafundishwe kuitambua saratani iliyokuwa ikimtafuna.

"Wamekwenda shule," alimwambia mdogo wake. "Wakirudi watanidharau."

Sasa walikuwa wamerudi. Walikuwa wamegandishwa kwenye chumba cha chini hospitalini, na kesho wangerudishwa mwilini. Dawa za zamani zote zilikuwa zimegonga mwamba. Hii mpya ndiyo pekee iliyobaki, hospitali ilikuwa imeanza kuitoa juzijuzi tu, na wanaoihitaji walijaa hadi kwenye ngazi.

Adhuhuri ikaja homa. Ilimjia taratibu, kitanda kikaanza kuelea. Pazia la buluu likawa kitambaa kisicho na mwisho, likipita chini ya sindano yake, naye akashona, akashona. Askari wake wadogo wakapita juu ya kitambaa wamevaa sare alizowakatia mwenyewe, mikono imewazidi kidogo. Aliwaomba wasimame awapindie. Hawakusimama.

"Dada, unachemka," mdogo wake alisema.

"Shusha sauti. Nipe vidonge vya homa, vimo mkobani."

"Si tumwambie nesi?"

"Wakijua nina homa wataniondoa. Ukitoka kwenye foleni umetoka. Anapewa mwingine. Au wewe foleni huzijui?"

Alizijua. Wote wawili walikulia kwenye foleni: ya maji, ya shule, ya dirisha la dawa. Ukienda kujisaidia tu, ukirudi unakuta mgongo wa mtu usiyemjua. Mdogo mtu akatoa vidonge. Nesi alipopita na kipimajoto, joto lilikuwa limeshuka, na Mama Pindo akamtolea tabasamu la kuvutia wateja. Kuficha mshono ndiyo kazi iliyomlea.

Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mdogo wake hakuwa na moyo wa kukaa akikitazama kikija. Dada alipozama tena usingizini, alitoka. Alirudi na daktari.

"Umeniuza," Mama Pindo alisema, machozi yakimshuka hadi masikioni.

Daktari, msichana wa umri wa kuwa mwanawe, alimshika mkono. "Mama, kesho hatukuwekei. Nikikuwekea na homa hii, naweza kukupoteza. Kwanza tujue imetoka wapi, tuitibu."

"Basi mpeni huyo aliye nyuma yangu." Aliligeukia pazia, ambako upande wa pili alilala mgonjwa mwingine. "Hakuna neno. Naye ana watoto."

"Nimpe nini?"

"Hao askari."

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea. "Mama, wale ni wako. Wametoka kwenye damu yako. Kwake hawawezi kufanya kazi, na siwezi kumpa. Watakaa palepale kwenye baridi mpaka upone homa."

Mama Pindo aliyageuza maneno hayo polepole. Maisha yake yote, yeye ndiye aliyekuwa akisubiri.

"Kwa hiyo wananisubiri?"

"Wewe tu."

Alicheka huku bado analia. Kisha akajisogeza ukingoni mwa kitanda na kumtazama mdogo wake, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni, akiogopa kuingia.

"Njoo ukae, msaliti wangu," alisema. "Hatuna haraka."