Kiti cha Mama Mapinduzi

Kila mwaka, Siku ya Mapinduzi ikifika, mjukuu wa Mama Mapinduzi humbeba bibi yake mgongoni hadi uwanjani, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu cha serikali. Sherehe ikiisha, kiti hurudi stoo. Mguu wa kushoto aliuacha kwenye mapinduzi yenyewe, angali msichana. Jina la Mama Mapinduzi walimpa wao hao wa serikali.

Mwaka huu Mkuu wa Wilaya alishika kile kiti kwa mkono mmoja, kipaza sauti kwa mkono wa pili, akatangaza kwamba serikali imempa Mama kiti hiki kiwe chake.

"Kuanzia leo, Mama anakwenda anakotaka!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama akalia, wala hakuona haya. Watu walidhani anawalilia wenzake waliokufa. Wapi! Alikuwa anawaza choo. Choo kiko hatua thelathini nyuma ya nyumba, na kwa miaka sita, tangu mguu wa kulia nao ukatae kazi, mjukuu wake, mwanamke mzima, ameacha kila kibarua ili ambebe kumpeleka huko. Sasa kiwanda cha sabuni kilimtaka aanze kesho, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Watu walipotawanyika, mtunza stoo alikuja na karatasi. Mtu wa adabu zake, akatoa shikamoo kwanza, kisha akamwomba Mama atie dole gumba kuthibitisha kwamba amepokea kiti. Mama akatia, akalikandamiza haswa lisije likafifia. Mtunza stoo akaikunja karatasi, akawaita vijana wawili wamhamishie kwenye benchi.

"Na kiti, mwanangu?"

"Kinarudi stoo, Mama."

"Si nimepewa?"

"Umepewa. Dole lako hili hapa." Aliongea taratibu, kama anamwelekeza njia mgeni. "Kiti ni kimoja tu, Mama. Mwakani anapewa shujaa mwingine. Wewe usije ukaomba tena, umeshapokea."

Mjukuu alimbeba wakarudi nyumbani. Alisema basi, hiyo kazi ataiacha. Mama akaja juu, akaapa kwamba asipokwenda kiwandani hatakula chakula chake tena. Atajikokota mwenyewe, kwani mikono yake ina nini?

Asubuhi yake redio ya jirani ilikuwa inarudia hotuba. Mama Mapinduzi alikuwa amefika hatua ya kumi na mbili, kifudifudi, viwiko vimechubuka, gauni la sherehe limeshalowa chini yake. Kidole gumba kilikuwa bado cheusi kwa wino.

"Kuanzia leo, Mama anakwenda anakotaka," ilisema redio, na makofi yakaanza upya.