Gari Lililovaa Nailoni

Mume wangu anaijua historia ya magari kuliko historia ya ndoa yetu. Mwulize tulioana mwaka gani, atajikuna kichwa. Mwulize gari la kwanza lilikuwa na magurudumu mangapi, atakujibu kabla hujafunga mdomo: matatu! Kazi yake ni ukinyozi, na kinyozi ana bahati ambayo mwalimu hana, maana mwanafunzi wake hawezi kuinuka akaenda zake huku nusu ya kichwa bado ina nywele. Wateja wakampachika jina la Profesa. Wao walikuwa wanamtania, yeye akalipokea kama cheo.

Naandika haya kwa mama yeyote ambaye nyumbani kwake kuna gari na mwanamume mwenye maneno.

Siku gari letu lilipofika, viti vyake vilikuwa bado vimevikwa nailoni, ile ya kukinga vumbi. Nikasema tuivue.

"Mama Njiti, una wazimu?" akaniuliza. "Tukiivua, watu watajuaje kwamba ni jipya?"

Njiti ni binti yetu, yuko darasa la tano, na wembamba wake ndio uliompa jina. Kiti cha mbele kando ya baba yake alikwishakitwaa, hataki kusikia habari ya kukaa nyuma. Na mimi nilichokuwa nakiona ni kioo cha mbele, paji la uso la mwanangu, na kinafasi kilichopo katikati. Mikanda ya viti ilikuwepo, lakini pale pa kuichomeka pamezama chini ya nailoni. Ukiwasha gari tu, linalia, pii pii pii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Gari lenyewe lilikuwa linamwambia mume wangu afunge mkanda. Yeye akasema lina hitilafu.

Akaitwa shemeji yangu, mdogo wake, anayeuza vipuri.

"Shemeji, hilo jambo dogo," akasema, akatoa mfukoni vyuma viwili vifupi. Vilikuwa vimefanana na ile ncha ya mkanda, ila mkanda wenyewe haupo. "Unachomeka hiki, gari linaamini umejifunga. Linanyamaza."

"Yaani mnalidanganya gari."

"Tunalituliza, shemeji."

"Na ukuta je? Ukuta mtautuliza kwa chuma gani?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha mume wangu akachukua wembe, akatoboa nailoni pale mbele, pande mbili, matundu madogo kama ya vifungo vya shati, na vile vyuma vikaingia. Kwa ajili ya mkanda, nailoni ilikuwa haiguswi. Kwa ajili ya uongo ikatobolewa.

Sikulala vizuri. Kesho yake nikamfuata saluni. Nikamkuta anamfunga mteja shuka shingoni, anaivuta, anapima kwa kidole kama imekaza, na mdomo uko kazini. Alikuwa anasimulia kwamba huko zamani, nchi fulani ilikuwa na sheria kwamba gari la mvuke likiwa barabarani, mtu atangulie mbele yake kwa miguu, ameshika bendera nyekundu.

"Fikiria ujinga wa watu!" akasema.

Mimi nikajisemea moyoni kwamba sheria ile lazima ilitungwa na mtu mwenye mtoto.

"Baba Njiti," nikamwita, "huyo unamfunga shuka ya nini?"

"Asiingiwe na nywele."

"Nywele! Na binti yako asiingie kwenye kioo, unamfunga nini?"

Mteja akacheka hadi shuka ikamkaba. "Profesa, leo umenyolewa wewe!"

"Mwacheni," mume wangu akajibu. "Mtu akijifunga kando yangu ni sawa na kunitukana. Ina maana haniamini. Halafu mkanda unakwangua nailoni."

Basi nikaona maneno hayatoshi. Jumapili, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kumwona bibi yake Njiti, nikachukua mkasi wa saluni. Yeye yuko ndani anatafuta kofia, mimi niko garini nachana nailoni. Kiti cha nyuma, kiti cha Njiti, chwaa, chwaa. Chuma cha Njiti nikakitupa jalalani. Nilipofika kiti cha dereva akatokea.

"Umelivua gari nguo!" akapiga kelele, majirani wakachungulia. "Kiti changu usikiguse!"

Sikukigusa. Mtu mzima hafungwi kwa nguvu. Nikamfunga mwanangu, mkanda ukalia *ta*, nikakaa nyuma nami nikajifunga. Yeye akaondoka amenuna, chuma chake mahali pake, kimya.

Kununa kwake hakuvuki kona ya pili. Mara akaanza tena historia, na safari hii, wallahi, ilikuwa historia ya mkanda. Kwamba kulikuwa na mhandisi mmoja aliyebuni mkanda wa kupita begani na kiunoni, na kampuni yake ikaruhusu wenzao wote wauige bure.

"Bure, Mama Njiti!" akasema, na ili bure hiyo iniingie vizuri, akageuka kunitazama.

"Baba, mkokoteni!" Njiti akapiga yowe.

Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likasota, likaenda kujikita kwenye mkokoteni uliopakia magodoro. Magodoro yalilipokea gari kwa upole. Usukani haukuwa na godoro. Pua ya Profesa ililia kama karoti inayovunjwa.

Mimi sikumwangalia. Namwomba Mungu anisamehe, nilimwangalia mwanangu. Kichwa chake kilikuwa kimekwenda mbele, kikasimama kabla ya kioo, nafasi ya kiganja changu. Kisha mkanda ukamrudisha kitini. Akageuka, macho yamemtoka, akauliza, "Baba, unatoka damu?"

Mwenye mkokoteni akaja dirishani. "Mzee, ulikuwa unatafuta godoro au?"

Pua ilikuwa imevunjika. Nesi akaijaza pamba, na ikawa mara ya kwanza tangu tuoane tukasafiri kurudi nyumbani mume wangu hasemi kitu. Kile chuma nilishakichomoa. Gari likalia pii pii pii, akavumilia kidogo, kisha akavuta mkanda akajifunga. Si kwamba alinielewa. Kelele zilikuwa zinamuuma puani.

Sasa ukienda saluni utamkuta na plasta, anafundisha kwamba kabla viwanda havijatengeneza masanamu ya kukalishwa ndani ya magari yanayogongeshwa kwa majaribio, watu jasiri walijitolea kukaa wao wenyewe. Anashusha sauti, anajigusa pua, anawaachia wateja wamalizie. Na wanatikisa vichwa, wanamwita shujaa.

Mwache aitwe. Mkanda ulimwachia Njiti alama nyekundu, kutoka begani hadi kifuani. Jioni ile nilimkanda kwa maji ya moto, taratibu, naye analalamika kwamba namuumiza. Nikamwambia alalamike tu, nilikuwa nataka kumsikia.