Bia Isiyoshika Povu

Mshonaji hakupenda shemeji yake anapocheka kupita kiasi, na jioni hiyo shemeji huyo, fundi umeme, alianza kucheka tangu mlangoni.

Alikuja na chupa nne za bia aliyoipika mwenyewe jikoni kwake, kwa shayiri na hamira, eti zawadi ya kumaliza ugomvi. Tangu wagombee nyumba ya marehemu baba yao, yeye na kaka yake dereva, mume wa mshonaji, walikuwa hata salamu hawapeani. Leo ghafla "kaka yangu wa damu"! Mshonaji alihisi kuna jambo.

"Umetia nini humo, shemeji?"

"Upendo."

"Upendo haunuki hivyo." Chupa moja ilikuwa wazi, na harufu ya kitu kilichokaangwa ilitambaa mezani. "Hakuna karanga?"

Halikuwa swali la mzaha. Mumewe akila karanga, koo hujifunga. Mwaka uliopita kipande kimoja cha keki kilimfikisha hospitali, macho yamevimba, pumzi inapiga mluzi.

Fundi aliweka mkono kifuani. "Haki ya Mungu, hata punje moja ya karanga haimo. Unadhani nataka kumuua ndugu yangu?"

Ndivyo hasa alivyokuwa akidhani, ila mtu hasemi hivyo mbele ya mgeni.

"Mama watoto, acha upelelezi," alisema dereva. Alikuwa amemkumbuka mdogo wake, ilionekana wazi. Akajimiminia glasi. Povu lilipanda, jeupe, likajaa vizuri. Kisha likanywea na kutoweka kabla hajaweka chupa chini.

Mshonaji alikodoa macho. Povu la namna hiyo alilijua kwenye karai la vyombo: linasimama vizuri mpaka sufuria ya mafuta iingie, ndipo linakufa.

Glasi ilikuwa inakwenda mdomoni. Mshonaji aliiziba kwa kiganja.

"Shemeji, mafuta yametoka wapi?"

"Mafuta gani?"

"Yaliyoua povu."

Kicheko kilikatika. "Labda ya korosho. Nilizikaanga, nikazitwanga, zikalala ndani ya ndoo ya bia. Lakini si umeuliza karanga?"

"Daktari alikataza jamii yote hiyo! Karanga, korosho, lozi!"

"Mimi ninachojua ni karanga." Fundi alimgeukia kaka yake. "Hukuniambia."

"Tulikuwa hatuongei," dereva alijibu, akiisukuma glasi mbali.

Fundi aliinyakua, akaimwaga kwenye sinki, kisha chupa zote, kwa haraka hata bia ikamrukia shati. Aliporudi, uso umemlowa machozi, alifungua mikono amkumbatie kaka yake.

Mshonaji akasimama katikati yao.

"Kanawe kwanza. Na mdomo usukutue, maana bila shaka umeionja. Shati hilo pia livue."

"Shemeji, mpaka sasa huniamini?"

"Nakuamini," alisema, bila kusogea. "Bafu lile pale."