Fundi Pancha Kwenye Chumba cha Meno

Asubuhi ile niliipakia kompresa yangu kwenye guta la magurudumu matatu, nikaifunga kwa mpira wa tairi mizunguko minane, nikamwambia binti yangu Robi apande aishikilie isidondoke.

"Tunaipeleka wapi?" akauliza.

"Kwa daktari wa meno."

"Tata, kwani kompresa ina meno?"

"Panda! Leo ndiyo leo."

Moyo ulikuwa unanidunda kama wa bwana harusi. Mimi Waitara ni fundi pancha hapa Nyamisangura, mwaka wa ishirini na mbili huu. Shule niliishia darasa la nne, sifichi, lakini upepo naujua. Nipe tairi la baiskeli, nipe la lori la tani thelathini, nitakuambia limebakiza nini ndani bila geji, kwa kulipiga teke tu.

Robi ana miaka ishirini. Jino lake la mbele, la juu, lilikuwa limetoboka. Katundu keusi kama mbegu ya mchicha. Lakini mbegu inaota, na mimi nilishaona ikiota mdomoni mwa mama yake.

Mke wangu Wegesa alianza hivyo hivyo. Zamani kituo chetu cha afya cha serikali kilikuwa kinaziba meno kwa bei ya kuku. Mimi mwenyewe nilizibwa pale, jino lipo mpaka leo, njoo nikuonyeshe. Halafu mashine zikaanza kufa moja moja, na kila ikifa moja wakubwa wanabandika karatasi mlangoni kwamba huduma imesimama. Wegesa alipofika na tundu lake, karatasi ilishabandikwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kung'oa. Wakang'oa la kwanza, wakang'oa la pili, wakang'oa la tatu, yote ya mbele. Presha ilipomchukua mwaka juzi, tukatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Picha kumi na moja, na kwenye zote ameziba mdomo na ncha ya kitenge. Nimemzika mwanamke ambaye hakucheka waziwazi kwa miaka sita. Na waliobandika karatasi wanacheka kila siku, magari yao yanapita hapa mbele ya kibanda changu vioo vimefungwa.

Kwa hiyo Robi aliponionyesha lile tundu nilimpeleka siku ile ile. Daktari wa meno pale kituoni anaitwa Thadeo, kijana mpole. Akaangalia, akagusagusa, akasema, "Mzee, hili bado linazibika. Lakini likifika kwenye mshipa, mimi nitaling'oa, sina namna nyingine. Nakupa wiki mbili."

"Si uzibe sasa?"

"Keekee yangu ya kuchimbia jino inazungushwa na upepo, mzee wangu. Kompresa mpya tuliyoletewa baada ya ile ya zamani nayo imekufa, mwezi wa kumi na nne huu. Dawa ya kuziba ninayo kabatini, ganzi ninayo. Upepo ndio sina."

Akatuelekeza kwa watu binafsi, Bomani. Tukaenda. Sakafu inang'aa, televisheni ukutani, binti mezani anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto. Wakamlaza Robi kwenye kiti, wakahesabu meno yake, wakaniandikia bei kwenye karatasi. Ilikuwa bei ya mbuzi wawili. Mbuzi wangu wa mwisho aliliwa kwenye matanga ya Wegesa. Nikaikunja ile karatasi, nikamwambia yule binti asante, nikatoka nimeuma meno, haya yangu mazima.

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi, ninajaza tairi la fuso ya mahindi, neno la daktari likanirudia kama kofi: upepo ndio sina. Nikaduwaa na mpira mkononi. Upepo? Upepo mimi ninao! Ninauuza! Dereva akapiga kelele, "Fundi, unalipasua tairi!" Sikumsikia.

Basi ndivyo tulivyofika pale kituoni asubuhi ile na kompresa juu ya guta. Foleni ya meno ilikuwa kwenye benchi nje, watu kama kumi na watano, kila mmoja ameshika shavu. Mbele kabisa alikaa Bibi Awino, Mjaluo wa karibu na mpakani, mwembamba, mdomo mkali.

"Yawa!" akasema. "Waitara, nani kapata pancha humu?"

"Serikali, bibi. Nimekuja kuijaza."

Benchi zima likacheka, na walioumwa zaidi wakacheka huku wanalia.

"Ni huyu binti?" Bibi Awino akamshika Robi kidevu. "Jino moja tu mnahangaika hivi? Mimi nilitolewa sita ya chini nikiwa mtoto, kwa chuma, mchana kweupe, na nikakatazwa kulia. Ona!" Akafunua mdomo. Kweli, chini mbele palikuwa uwanja mtupu.

"Bibi, ya kwako ilikuwa mila," Robi akamwambia. "Hili langu ni uzembe wa watu."

"Huyu ni binti yako kweli," Bibi Awino akaniambia.

Thadeo alitoka akaiona kompresa yangu, na sura yake ikawa ya mtu asiyejua acheke au alie. Akanivuta pembeni.

"Mzee, mashine yako inatumia mafuta. Upepo wake una moshi wa mafuta ndani. Ukitoka kwenye keekee unaingia moja kwa moja kwenye jino la bintiyo. Siwezi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tairi halijali mafuta. Watu wote wananitazama, na Robi ameinama anakaza tena mpira kwenye guta kana kwamba tumeshashindwa. Nikasema, kwa kukosa la kusema, "Basi nionyeshe ya kwenu. Nione tu maiti."

Ilikuwa stoo, imefunikwa shuka. Nyeupe, safi, kubwa kidogo kuliko ndoo mbili. Thadeo akaiwasha. Ikasema nguuuuu, haikuzunguka. Akaizima.

"Washa tena," nikamwambia. Nguuuuu. Sauti ile naijua! Nimeisikia kwenye motor za watu mara mia. Mashine iliyokufa haisemi kitu. Ile ilikuwa inaomba msaada.

"Daktari, hii haijafa! Hii imekosa wa kuisukuma! Nipe bisibisi!"

Sauti ikatoka mlangoni. "Asiiguse mtu."

Alikuwa Bwana Erasto, mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa kituo. Faili kwapani, kalamu mbili mfukoni.

"Mzee, shikamoo. Hii ni mali ya serikali. Fundi wake anatoka mkoani, kwa kibali. Nimeandika barua tano." Akafungua faili, akanionyesha. Kweli zilikuwa tano, zina mihuri.

"Marahaba. Na barua zimezungusha motor?"

"Ukiharibu, nani atajibu? Ni mimi."

"Imeharibika tayari! Kitu mnachosema kimekufa, mimi nitakiua mara ngapi?"

Foleni ilishahamia kwenye korido. Bibi Awino akapenya kati ya watu, akasimama mbele ya mganga mfawidhi, anamfika kwenye kifungo cha tatu cha shati. "Mwanangu, mimi shavu linaniuma tangu Jumapili na nimekaa kimya. Ukimzuia huyu, sitakaa kimya. Umewahi kusikia Mjaluo asiyekaa kimya?"

"Bibi, kuna utaratibu..."

"Utaratibu una meno? Basi ung'olewe!"

Korido ililipuka. Erasto akafuta jasho. Nikamwonea huruma kidogo, kidogo sana, maana barua tano ni barua, na aliyeko juu hakujibu hata moja. Lakini niliona pia kwamba anatafuta njia ya kutoka, nikampa.

"Iko kompresa yangu nje. Ndiyo inayonilisha. Andika karatasi: nikiua yenu, mnachukua yangu. Naweka sahihi."

"Tata, hapana!" Robi akasema.

"Nyamaza, mama."

Erasto akaandika. Nikaweka sahihi.

Nikafungua kifuniko. Na pale pale, pembeni ya motor, nikaiona. Kapasita. Kitu kama betri ya tochi, kazi yake kuipa motor teke la kuanzia. Ilikuwa imevimba kama chura aliyekasirika, na juu imepasuka. Nikaing'oa, nikapanda bodaboda mpaka Bomani kwenye duka la umeme la Mokami. Akaitazama mara moja, akanyoosha mkono rafuni nyuma yake.

"Hii? Zimejaa. Hata bei ya jogoo haifiki."

Nikarudi mbio. Nikaifunga. "Washa!"

NGUUUU, kisha paa! Swichi kuu ikaruka, taa za korido zote zikazimika. Mtu akapiga kelele maabara. Erasto akafumba macho. Robi alinitazama, na nikaona ameshaanza kuhesabu nitakavyoishi bila kazi.

"Subirini!" nikasema. "Subirini, mura, msiniharakishe!"

Nikalikamata pangaboi la kupoza motor kwa mkono. Haligeuki. Nikafungua koki chini ya tangi, yakamwagika maji ya rangi ya chai ya rangi, mengi, yakatupitia miguuni. Miezi kumi na minne maji yamekaa humo! Mimi tangi langu nalimwaga maji kila jioni. Kutu ilikuwa imeishika pistoni. Nikafungua kichwa cha mashine. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la mafuta, mazoea hayo, na Thadeo na Robi wakapiga kelele pamoja: "Mafuta hapana!" Nikaliweka chini. Nikafuta kutu kwa kitambaa kikavu, nikagonga taratibu kwa mpini wa nyundo, nikageuza, nikagonga, nikageuza. Ikasogea upana wa ukucha. Ikasogea upana wa kidole. Halafu ikazunguka, laini, kama haikuwahi kununa.

Nikafunga vyote. Swichi ikarudishwa.

"Bibi Awino, washa wewe."

Akabonyeza. Taka-taka-taka-taka! Mama yangu! Sakafu ikatetemeka, mshale wa geji ukaanza kupanda, moja, mbili, tatu, na korido ikapanda nayo, wanahesabu kwa sauti kama wanaangalia mpira, nne! tano! sita! Ilipofika saba ikajizima yenyewe, kama inavyotakiwa, tss! Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mwenye shavu kama embe alinikumbatia, akaumia, akanikumbatia tena.

Thadeo hakushangilia. Akabadilisha chujio, alikuwa nalo jipya kwenye kasha lake, akashika pamba nyeupe mbele ya mpira wa upepo. Ikatoka na rangi ya kahawia. Akapuliza dakika kumi, pamba ya pili, manjano. Akapuliza tena, pamba ya tatu. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Nyeupe," akasema. "Robi, ingia."

Aliniruhusu nisimame mlangoni. Akamchoma ganzi, akangoja, akashika keekee. Ikalia wiiii, sauti nyembamba, upepo ule ule unaojaza matairi, sasa unaimba kwenye kitu kidogo kama punje ya mtama. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Limefika mshipa?" nikauliza.

Akachimba. Akapuliza. Akasogeza taa, akainama karibu mpaka pua inakaribia kugusa.

"Daktari!"

"Halijafika, mzee. Limebakiza kama unene wa karatasi. Ungekuja Jumatatu ningeling'oa."

Akajaza dawa, akamulika mwanga wa buluu, akasugua, akampa Robi kioo. Robi akatazama muda mrefu. Akakisogeza mbali, akakisogeza karibu.

"Lilikuwa lipi?" akauliza, mdomo umelala upande mmoja.

Thadeo akacheka. "Anayefuata!"

Mimi nilitoka nje. Nilidhani nitalia, lakini kilichopanda kifuani hakikuwa kilio. Ile kapasita iliyovimba ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nikaitoa, nikasimama barabarani mbele ya kituo, nikainyanyua juu.

"Hii!" nikapaza sauti. "Njooni muione! Miezi kumi na minne mmekuwa mnang'olewa meno kwa sababu ya hii! Bei yake haifiki jogoo! Imejaa tele dukani, hapo Bomani, kwa miguu unafika!"

Bodaboda wakasimama. Mama muuza ndizi akasimama na sinia lake. Mzee mmoja akaomba aishike, akaigeuzageuza, akauliza, "Hii tu?" akampa mwenzake, naye akauliza, "Hii tu?" ikawa inazunguka mkono hadi mkono. Gari jeupe la serikali likapunguza mwendo, kioo kikashuka nusu. Nikalifuata.

"Na wewe iangalie! Usifunge kioo!"

"Tata, twende nyumbani," Robi akanivuta shati, maneno yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Umeshashinda. Twende."

Sikwenda. Nilikuwa sijamaliza.