Kikohozi cha Njia Panda

Siku ya kwanza ya kuingia katika msitu ambao sasa ulikuwa wetu, Mama Pacha alilificha panga lake ndani ya kitenge, akalibana kwapani kama alivyozoea. Hakuna aliyemcheka, maana sote tulikuwa tunanong'ona. Hata mwenzetu mmoja aliachwa njia panda, akohoe mara mbili fupi na moja ndefu akiona mtu anakuja, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Nilitaka kuuliza tunamwogopa nani, ilhali ilikwisha kutangazwa hadharani kwamba serikali imekikabidhi kijiji msitu kiumiliki na kuutunza kwa ajili ya vizazi vyake. Swali nililimeza, kwa kuwa aliyekuwa akiogopwa ni mume wangu.

Wanamwita Filimbi. Alikuwa mlinzi wa msitu tangu tulipooana, na filimbi yake ya chuma ilisikika hadi mashineni tunakosagia unga. Akiipuliza, wanawake hutupa mizigo na kutimua mbio. Akirudi nyumbani hanung'uniki juu ya kuni wala wezi, hunung'unikia kamba za viatu vyake, kwamba hazikai, zinamchelewesha kila afikapo njia panda. Nilimnunulia kamba mpya, naye akaendelea kunung'unika vilevile.

Mimi sikuwahi kutia mguu msituni. Mke wa mlinzi angeonekana na ukuni mmoja tu, kijiji kizima kingesema msitu una wenyewe. Kwa hiyo nilipikia mkaa wa kununua, na kila nilipofika kisimani maongezi yalikatika, watu wakakumbuka ghafla kwamba jua la leo ni kali. Nilijifanya sijali, lakini iliniuma sana.

Sasa kazi ya serikali pale ilikuwa imekwisha, na mume wangu angehamishwa mbali, isipokuwa kijiji kikikubali kumwajiri awe mlinzi wao. Mkutano wa kuamua ulikuwa jioni ileile. Nyumba tuliyoijenga chumba baada ya chumba, na bustani niliyoitoa kwenye mawe kwa mikono yangu, vyote vilikuwa vinasubiri kauli ya watu aliowakimbiza. Na mwenye kauli nzito kuliko wote alikuwa Mama Pacha, ambaye zamani alinyang'anywa panga alipokutwa akikata mti mbichi. Tangu hapo salamu yake kwangu ilikuwa kutikisa kichwa, tena kidogo.

Basi tuliokota kuni kavu. Nilikuwa nimeufikiria msitu kuwa mahali pakali, kama mume wangu anapovaa sare. Nilikuta ubaridi, harufu ya majani yaliyolowa, na ndege wasiojua habari za mikutano. Nilijiona kama mtu aliyelala barazani miaka yote na nyumba ni yake. Nilifunga mzigo wangu ovyo ovyo, na mwenzangu mmoja akaufungua, akaufunga upya.

Ndipo filimbi ikalia. Yule wa njia panda alikuwa amechoka kukaa bure, amekuja kuokota kuni zake, hivyo hakuna aliyetuonya. Mizigo ilianguka, na kila mtu akaenda na njia yake. Na mimi nilikimbia. Nilikimbia kuliko wote, hata sijui miguu ilizitoa wapi mbio zile, mpaka mkono ukanivuta ndani ya kichaka. Ulikuwa wa Mama Pacha.

"Usipumue," alininong'oneza.

Nikaacha kupumua. Viatu vya mume wangu vilipita mbele yetu, vikasimama, vikageuka huku na huku. Mama Pacha alinitazama, akavitazama viatu, akanitazama tena.

"Shoga, wewe unamkimbia nani?"

"Mume wangu."

"Na mimi nakimbia nini, na msitu ni wangu?"

Nilianza mimi kucheka, yeye akafuata, tukacheka hadi machozi yakatutoka. Tulipotoka na majani kichwani, Filimbi alikuwa amesimama katikati ya mizigo iliyotawanyika, hajui atazame wapi. Alieleza kwamba mwenyekiti alimtuma atuite kwa sababu mkutano utaanza mapema kuliko ilivyopangwa. Kisha akainama, akaanza kuikusanya mizigo yetu na kuiegemeza kwenye miti.

Mkutanoni nilikaa benchi moja na Mama Pacha, na aliposimama moyo wangu ulinienda mbio kuliko kule msituni. Alisema hana ugomvi na mlinzi kubaki, ana ugomvi na filimbi. Hawezi kumiliki msitu ambamo kitu cha chuma kinamtoa mbio kama kuku. Filimbi ikae mezani kwa mwenyekiti. Mtu akauliza kama ni hivyo mlinzi atawaita vipi watu.

Mume wangu alisimama, akaiweka filimbi mezani. Alifikiri kidogo. Kisha akakohoa mara mbili fupi, na moja ndefu.

Watu walicheka, halafu kicheko kikafifia upande wa wanawake. Walikuwa wakitazamana, na niliona wanarudi nyuma kimawazo, kikohozi kwa kikohozi, wakikumbuka jinsi filimbi ilivyochelewa kulia kila mara, hata mwenye mtoto mgongoni akapata muda wa kufika barabarani.

"Kumbe ulikuwa unakisikia," alisema Mama Pacha.

"Masikio ninayo."

"Sasa ukikisikia, ulikuwa unafanya nini?"

Alijiinamia kama mtoto aliyeulizwa nani kamaliza sukari.

"Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

Nilivitazama viatu vyake. Mama Pacha alinisogelea mpaka mabega yetu yakagusana, akaipangusa kwa kitenge chake nafasi iliyobaki mwishoni mwa benchi.

"Kaa, shemeji," alisema.